Foronya ya Kinyozi

Kinyozi alijichoma sindano tena, akanyonya kidole. Simu ikatetemeka. Akaichungulia chini ya meza, akaona ujumbe wa mchumba wake.

"Umefika?"

"Nimefika," akajibu.

"Wako wengi?"

Akatazama chumba. Akina mama walikuwa wameinamia vyerehani, mwalimu akipita katikati yao na tepu shingoni. Mwanamume alikuwa yeye peke yake, na kitambaa cha maua mapajani.

"Wako wengi. Wakarimu sana."

Hapo hakudanganya. Shida ni kwamba hakuwa alikotumwa.

Mchumba wake alikuwa fundi umeme, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alimpenda Kinyozi mpaka dada zake wakamcheka. Lakini Kinyozi alipenda chupa, na siku moja baba yake Fundi alipokwenda kunyolewa, Kinyozi, akiwa ameshapata mbili tatu, alimaliza upande mmoja wa kichwa, akaketi kupumzika kidogo, akalala fofofo. Mzee wa watu akarudi nyumbani na nusu ya nywele, kofia ameishika kwa mikono miwili.

Fundi hakupandisha sauti. Alivua pete akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, mule anamoweka skrubu. Akamwambia kwamba katika ukumbi wa mtaa, alikokwenda kufunga taa, kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe.

"Nenda ukakae nao," alisema. "Usipokwenda, hii sitaivaa tena."

Kinyozi alikwenda. Pale mlangoni alikaa mlinzi, mteja wake wa kila wiki, naye akamuuliza anatafuta nini. Kinyozi akaona aibu kutaja pombe. Kina mama walikuwa wakipita na vitambaa vyao.

"Ushonaji," akasema Kinyozi.

Mlinzi, kwa wema wake, akamshika mkono akamfikisha mpaka kwenye kiti.

Wiki iliyofuata alijiapiza kusema kweli, lakini mlinzi alimwona tangu mbali, akampokea na kumwambia wenzake wameshaanza kumuulizia. Kinyozi akaufyata, akaenda kushona. Kwa hiyo mkutano hakuuona, ila foronya ilikuwa imekaribia kwisha.

Fundi alimbaini kwa vidole. Alikuwa juu ya ngazi dukani kwa watu, akifunga balbu, na Kinyozi chini ameshika ngazi.

"Hicho kikundi kinawachoma sindano?"

Kinyozi akatazama vidole vyake. Akamweleza yote, mlinzi, vyerehani, foronya, bila kuruka kitu. Fundi alicheka mpaka ikabidi ajishikilie. Kisha akashuka, na kicheko hakikushuka naye.

"Umekunywa tena?"

"Juzi."

"Asante kwa kusema." Akakunja ngazi. "Nakupenda, na wewe unajua. Lakini mlango huo siwezi kukuulizia mimi. Nitakusindikiza mpaka nje tu."

Siku ya mkutano wakafuatana. Fundi akabaki kwenye ngazi za nje. Ndani kulikuwa na foleni ya watu mbele ya meza ya mlinzi, na wote Kinyozi aliwajua vichwa vyao.

"Karibu, fundi cherehani," mlinzi akamwambia.

"Leo sishoni." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Natafuta kikundi cha wanaoacha pombe. Pombe imenishinda, ndugu yangu. Nataka kuacha."

Foleni nzima ikageuka. Mlinzi akamwachia mwenzake meza, akachukua funguo.

"Mlango wa kijani. Twende, na mimi ni wa huko."

"Wewe?"

"Miaka mingi sasa. Kila ukininyoa nakusikia harufu, nikawa nangoja useme. Siku ile umekuja, nimefurahi, ukaniambia ushonaji. Nikasema haya, labda mwenzangu kweli anapenda cherehani."

Kinyozi alicheka, machozi yakamtoka humo humo.

Alipotoka, Fundi alikuwa bado pale pale.

"Mmefanya nini?"

"Tumeongea. Nimelia. Hakuna aliyenicheka. Nitarudi wiki ijayo."

Fundi akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa skrubu, akatoa skrubu nyingine, mwisho akatoa pete. Hakuivaa. Alimwekea Kinyozi kiganjani, akamwambia aitunze yeye, aje amvishe siku atakapoona mwenyewe anaweza.

Kinyozi alirudi wiki ile, na nyingine, na nyingine. Aliwahi kuteleza mara moja, akaenda kusema mwenyewe kule mlango wa kijani, akaanza upya. Foronya nayo akaimalizia, imepinda kama njia ya ng'ombe, na Fundi hakukubali ilaliwe na mtu mwingine. Miezi ikapita, pete ikarudi kidoleni kwake, na siku ya harusi ikapangwa.

Asubuhi ya harusi Kinyozi alikuwa dukani akijiandaa mlango ulipofunguliwa. Akaingia baba mkwe. Tangu ile siku ya kofia hakuwahi kukanyaga pale. Akavua kofia, akaketi kwenye kiti kile kile, akajifunika shuka mwenyewe.

Kinyozi akachukua mashine. Mkono ulikuwa umetulia.

"Nikunyoe vipi, baba?"

Mzee akamtazama kwenye kioo, akatabasamu.

"Pande zote mbili, mwanangu."