Ako Hhando Arudi Shambani

Kila asubuhi Fabiola hukamua ng'ombe, huchemsha maziwa, kisha humpelekea baba mkwe wake kikombe kikubwa nje, upande wa jua. Kijiji chao, Masieda, kina baridi. Baba mkwe huyo ni Mzee Hhando, mwenye miaka sabini na tano. Kijijini wote humwita Ako, yaani babu.

Nyumba hii ilikuwa na heshima kupita kiasi. Marieta, mke wa Ako, alifariki mwaka juzi. Baada ya msiba mwana wao Yohanes alisema, "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Sasa kaa upumzike." Akachukua jembe la baba yake. Akachukua na kazi ya ng'ombe. Fabiola naye hakukubali mzee ainue hata ukuni mmoja. Majirani waliwasifu sana. Hata mimi ningewasifu, kama nisingejua yaliyofuata.

Ako alipumzika. Alipumzika mpaka akaacha kuongea. Chakula alikigusa tu, akakirudisha. Kanisani hakwenda tena. Aliamka alfajiri sana, akakaa kitandani akitazama ukuta.

"Ni uzee tu," alisema Yohanes.

Kisha mzee akaanza kugawa vitu vyake. Redio alimpa Yohanes. Blanketi zito alimpa Fabiola. Koti lake la sufu alimpa jirani yao, Modest. Watu walifurahi. Kwao, mzee akikupa kitu chake kwa mkono wake, amekubariki. Nani atakataa baraka?

Asubuhi moja Getruda, nesi wa zahanati, alikuja kununua maziwa. Alimkuta Modest uani, anajisifu.

"Nesi, tazama! Ako amenibariki."

"Si ndilo koti alilokuwa anavaa kila siku?" aliuliza Getruda.

"Ndilo hilo."

"Na yeye sasa anavaa nini?"

Modest alilitazama lile koti. Getruda akaingia jikoni kwa Fabiola. Aliuliza mzee amegawa nini kingine, anakulaje, analalaje. Fabiola alimweleza yote.

"Dada, hizi si baraka," alisema Getruda. "Mzee anaaga."

Fabiola alikaa chini pale pale. Aliogopa sana.

Getruda alitoka nje, akavuta kigoda karibu na mzee.

"Shikamoo, Ako."

"Marahaba."

"Ako, nitakuuliza jambo zito. Usinikasirikie. Je, huwa unaona ni afadhali ufe?"

"Nesi!" Fabiola alishtuka. "Usimtie mawazo hayo!"

"Swali halimtii mtu mawazo, dada. Linampa nafasi ya kusema. Kunyamaza ndiko kubaya."

Ako alikiweka chini kikombe chake. Kisha akasema, "Kila siku. Nalala nikiomba nisiamke. Hawa watoto nawachosha. Mimi ni mzigo tu."

Getruda aliuliza kama ana mpango wa kujidhuru. Ako alisema hana. Nesi akamshukuru kwa kusema kweli. Yohanes alipofika kutoka shambani, nesi aliwakalisha wote.

"Huu ni ugonjwa," aliwaambia. "Unaitwa sonona. Si uchawi, si uvivu, wala si uzee. Uzee hupunguza nguvu za mwili. Hauondoi hamu ya kuishi. Na sonona hutibika, hata kwa mzee."

"Kuna dawa yake?" aliuliza Yohanes.

"Ipo, na wengine huihitaji. Baba tutaanza naye kwa tiba ya mazungumzo. Nimefundishwa kazi hii, na daktari ananisimamia. Tutakutana mara moja kwa wiki, kwa wiki nane. Lakini kwanza apimwe presha, damu na sukari, maana magonjwa mengine hujificha nyuma ya huzuni. Ninyi msimwache peke yake siku hizi. Na sumu za wadudu za shambani, zifungieni leo. Hali ikizidi, msisubiri kesho. Mleteni mara moja."

Yohanes alizifungia saa hiyo hiyo. Ufunguo akampa Fabiola.

Siku ya kwanza ya tiba, Yohanes akiwepo, Getruda alimwuliza Ako, "Nani alikuambia wewe ni mzigo?"

"Sihitaji kuambiwa. Waliniondoa kwenye ng'ombe. Mtu akiondolewa kwenye ng'ombe, amekwisha."

Yohanes hakuamini masikio yake. "Baba! Mimi nilikuheshimu!"

"Uliniheshimu ukaniweka kando kama nira iliyovunjika."

Yohanes aliinamisha kichwa. Maskini, aliumia kweli. "Basi nilikosea, baba. Nisamehe. Na tena nakwambia ukweli. Wale maksai wawili wachanga wamenishinda. Nikiwafunga nira wanakimbia. Mvua zinakaribia, na sijui nitalima na nini."

Ako aliinua macho. "Unawafunga wote wawili wachanga pamoja?"

"Ndiyo."

"Sasa nani amfundishe mwenzake? Chukua maksai mkongwe wa Modest. Mfunge na mmoja wao."

Getruda alitabasamu. "Ako, kumbe kazi unayo. Sikiliza. Sonona hukuambia kaa. Ukikaa, nayo inazidi. Basi usisubiri moyo utake. Tanguliza mguu, moyo utafuata. Kila asubuhi nenda zizini, simama dakika kumi. Ni hayo tu. Na wewe Yohanes, msindikize baba. Usimfanyie."

Wiki mbili Ako alikwenda zizini. Wiki ya tatu akakataa. Siku nne hakutoka ndani.

"Nesi, imeshindikana," Yohanes alilalamika.

"Haijashindikana. Kupona si safari ya siku moja. Tupunguze hatua. Kesho afike mlangoni tu."

Kesho yake Ako alifika mlangoni. Akamsikia Yohanes anamchapa maksai. Mzee akapita mlango, akapita ua, akafika zizini anahema.

"Acha fimbo! Ng'ombe akikuogopa hakusikii. Lete kamba hapa."

Wiki ya tano walizungumza habari za Marieta. Ako alilia sana. Hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza kulia aliomba ugali, akala akamaliza. Fabiola aliosha sahani ile huku anaimba.

Jumapili iliyofuata Ako alikwenda kanisani. Akiwa njiani alimwona Modest.

"Modest, baraka nitakupa nyingine. Hilo koti lirudishe, kuna baridi."

Modest alilivua papo hapo, na watu walicheka njia nzima.

Wiki ya nane mvua ilinyesha. Ako alitangulia mbele na kamba, Yohanes akashika plau nyuma. Wale maksai wachanga, ambao kila mmoja alikuwa amefungwa kwanza na mkongwe wa Modest mpaka akajua kazi, sasa walitembea wawili pamoja, taratibu, kichwa kwa kichwa. Mfuo wa kwanza wa plau ulinyooka kutoka mpaka hadi mpaka. Fabiola alipiga vigelegele. Majirani waliacha majembe yao wakaja kutazama. Getruda alikuwepo pia, viatu vimejaa matope, anapiga makofi. Kabla ya jioni watu watatu walikuwa wamemwomba Ako awafundishie maksai wao.

Getruda hakumaliza kazi hapo. Aliendelea kumwona kila mwezi, maana sonona inaweza kurudi. Aliwaambia dalili za kuangalia: kukosa usingizi, kukataa chakula, kujitenga, kujiona mzigo, kugawa vitu ghafla. "Mkiziona, njooni mapema."

Baada ya mavuno, Ako na Yohanes walikwenda kwenye mnada wa ng'ombe huko Dongobesh. Ako alizunguka sana. Mwisho alisimama mbele ya ndama wawili wadogo, ambao walikuwa wameachishwa maziwa juzi juzi tu. Aliwapapasa mabega. Akawatazama kwato.

"Nawataka hawa," alisema.

Muuzaji alicheka. "Mzee wangu, hawa bado miaka mitatu ndipo wavute plau. Chukua wale wakubwa. Wewe utangoja mpaka lini?"

Yohanes alimtazama baba yake kwa wasiwasi.

"Miaka mitatu si mingi," alisema Ako Hhando. "Nitawafundisha mwenyewe. Lete kamba."