Mnyonyaji wa Shighatini

Maziwa ndiyo yaliyotangulia kunuka. Dorkasi aliyakamua matitini mwake kikombeni ili amnyweshe mtoto kwa kijiko, pua yake ikapigwa na harufu ya kondo la nyuma lililooza. Akamwaga, akakamua tena. Yale yale.

Mwanawe alikuwa njiti, aliyezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, hajaweza hata kunyonya. Walimlaza kwenye kapu lenye pamba kando ya jiko. Baba yake, Hezroni, alikuwa bondeni akilima shamba la ujamaa. Kila kukicha kitoto kilizidi kusinyaa.

"Matiti yako yanaamka yamejaa, mchana yamelala," alinong'ona mama mkwe, Kaanaeli. "Maziwa yanakwenda wapi, mwanangu?"

Mchana huo ukungu wa milima ya Shighatini ulishuka ukaingia hadi ndani. Dorkasi alisinzia, akahisi ananyonywa, akadhani mwanawe amepata nguvu, akapapasa kichwa chake kwa furaha, vidole vikazama kwenye manyoya yaliyolowa, yenye utelezi, yanayonuka beberu na usaha, na alipofumbua macho hakuona kitu ila chuchu yake ikivutwa, ikirefuka, huku mate mazito ya kijani yakimtiririkia tumboni.

Aliposikia hayo, Kaanaeli alimleta Bibi Safia, mganga aliyeishi Mwanga na wakata mkonge. Alinusa titi, akatema mate.

"Jini huyu hana haja na mtoto. Anataka maziwa tu. Mtoto atakufa kwa njaa."

"Tufanyeje, Bibi?" aliuliza Dorkasi.

"Nyie watoto mnawaachishaje ziwa?"

"Kwa shubiri," alijibu Kaanaeli.

"Basi na huyu tutamwachisha."

Alizisomea chuchu, akazipaka shubiri. "Lala, mwanangu. Akija, usimsukume."

Likaja. Dorkasi aliuma khanga, ulimi wa baridi wenye miba kama wa paka ukimkwaruza, ukaramba, ukasita, kisha koo lisiloonekana likakoroma na kumtapikia kifuani maziwa yote liliyoyaiba, mabonge ya uvuguvugu yaliyochanganyika na nywele na funza. Kitu kikalia kwa sauti ya mzee, mlango ukajibamiza, ukungu ukakifuata nje.

Walimwogesha Dorkasi kwa maji ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ndipo mtoto alipolia, sauti nyembamba ambayo hawakuwahi kuisikia. Kaanaeli alimweka kifuani pa mama yake. Mtoto akakamata chuchu, akavuta.

Mwili wote wa Dorkasi ulisisimka. Kila mvuto ulikuwa ule ulimi. Matapishi yalimpanda kooni.

"Nimtoe?" mkwewe aliuliza.

Dorkasi alitikisa kichwa, akayameza matapishi, akamkumbatia mwanawe na kumwacha anyonye.