Kikombe cha Pili

Jumatano, tarehe 20 Novemba 2024, saa kumi na mbili kasoro jioni, dada yangu Hyasinta alinipigia simu kutoka Kansay akaniomba nimpelekee viberiti, chumvi na kikombe.

"Kikombe si unacho?" nikamuuliza.

"Ninacho. Lete cha pili."

Nilikuwa redioni, Karatu mjini, nimeshamkabidhi msomaji habari za jioni. Nilinunua vitu vyote duka la jirani. Kikombe kilikuwa cha bati, cha bluu. Nikawasha pikipiki. Nilipofika Qurus ndipo swali likanijia. Hyasinta alikuwa metimani. Aliye metimani hanywi chai na mtu.

Cha pili kilikuwa cha nani?

Kwetu Wairaqw, mtoto anayenyonya akifa, mama yake huingia metimani. Hukaa peke yake. Haingii nyumba ya mtu, hachoti maji kwenye chemchemi, havuki mto. Chombo chake hakiguswi. Siku ikifika hunyolewa, huoshwa, na kikombe chake huvunjwa. Tunasema ametolewa. Tangu hapo huingia nyumba yoyote na kumbeba mtoto wa yeyote. Wengi mjini siku hizi hawaishiki mila hiyo, wanasema padre ameshabariki nyumba, inatosha. Mama yetu, Angela, haachi sala za jumuiya hata mvua ikinyesha, na metimani anaishika vilevile.

Mtoto wa Hyasinta alikufa kwa homa ya mapafu mwezi Septemba. Baba yake alikuwa machimboni Geita na hakuja mazishini. Alibaki binti, Sifa, wa miaka mitano. Huyo alikuwa kwangu mjini. Aliruhusiwa kumwona mama yake kutoka uani tu, bila kumgusa. Hyasinta alikuwa atolewe Jumamosi, na Jumapili nimpeleke Sifa kwake. Kila asubuhi mtoto aliniuliza kama leo ndiyo Jumapili.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mama hakulisamehe. Mwezi Oktoba, katikati ya metimani, Hyasinta alisafiri. Anafanya kazi kampuni ya utalii. Ndiye anayewapangia wageni safari za siku moja kushuka kreta ya Ngorongoro. Kampuni ilimpeleka kwenye maonyesho Praha, mji mkuu wa Ucheki. Mama alimkatalia mpaka mlangoni.

"Huko hakuna mto?" mama aliuliza.

"Mama, naenda na ndege. Nitapita juu."

"Na ukishashuka?"

Hyasinta alicheka akapanda gari. Aliporudi, mama alimwonyesha kibanda kilicho nyuma ya zizi na kumwanzishia metimani upya. Safari hii Hyasinta hakubisha. Nilidhani ni uchovu.

Nilifika giza likianza kushuka. Mama alikuwa jikoni. "Weka kizingitini," aliniambia bila kugeuka. "Usiingie."

Nilizunguka zizi. Ng'ombe walikuwa wamejibana upande mmoja, mbali na kibanda.

Kwanza nilisikia harufu. Jiwe lililolowa. Majani yaliyooza. Na kitu kama chuma... Nimevuka mito yote ya wilaya hii. Hakuna unaonuka hivyo.

Halafu sauti.

To... to... to...

Mvua ilikuwa haijanyesha wiki ile. Nilimulika paa kwa simu. Bati lilikuwa kavu.

Mlango ulikuwa wazi. Hyasinta alikaa kwenye kigoda kando ya moto, shuka begani. Mbele yake, ng'ambo ya mafiga, kulikuwa na kigoda kingine. Hakikuwa na mtu. Sakafu chini yake ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka ukingo wa kigoda. Tone moja. Jingine.

"Umekileta?" alinong'ona.

Nilikiweka kizingitini pamoja na chumvi na viberiti. Alikichukua, akakisuuza, akamimina chai. Akakiweka mbele ya kigoda kitupu.

"Samahani umesubiri," alisema. Hakuwa ananiambia mimi.

"Dada. Ni nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kawaida. Yafuatayo ni maneno yake. Sikuwepo, siwezi kuyathibitisha.

Maonyesho yaliisha Ijumaa, na Jumamosi alikuwa na siku moja kabla ya ndege. Alijipangia Praha kama anavyowapangia wageni kreta: mapema langoni, mchana chakula, kabla ya giza uwe umetoka. Alianzia uwanja wa mji wa kale, kwenye saa kubwa ukutani ambapo sanamu ya mifupa ya mtu huvuta kengele kila saa. Watalii waliinua simu, naye akainua yake. Kisha akateremka mtoni.

"Daraja la mawe, Remi. Watakatifu wamepangwa pande zote mbili kama kwenye maandamano ya Ekaristi. Nilisimama mwanzoni. Nilimkumbuka mama."

"Ukavuka."

"Ngome iko ng'ambo. Kanisa kuu liko ng'ambo. Nimewauzia watu safari za siku moja miaka sita, yangu niishie darajani?"

Akavuka. Mwisho wa daraja aliona mwanamke ameegemea ukuta. Nywele zake zilikuwa zimelowa, gauni limelowa, na jua lilikuwa linawaka. Watu walimpita bila kumtazama. Hyasinta alipanda mpaka ngome, akaingia kanisa kuu, akamwashia marehemu mtoto wake mshumaa. Mchana akarudi kwa daraja lile lile kutafuta chakula. Mwanamke alikuwa katikati ya daraja, amebeba kitu alichokifunga kwenye khanga.

"Khanga? Praha?"

"Kitambaa. Nasema khanga kwa sababu alivyokifunga ndivyo tunavyofunga."

Alasiri alivuka mara ya tatu, kwa tramu, treni ndogo ya barabarani, kwenda kuuona mji kutoka ng'ambo. Alishuka, akakaa kwenye benchi kando ya maji na chupa yake ya chai. Hakumsikia mtu akija. Aligeuka, mwanamke alikuwa amekaa ubavuni kwake, amemgusa bega kwa bega.

Hapo Hyasinta aliinama. Alichochea moto.

"Tangu tumzike mtoto hakuna aliyenigusa. Wewe ulinirushia ufunguo kama unamrushia mbwa mfupa."

"Ilikuwa mila."

"Najua. Sikulaumu. Nakwambia tu jinsi bega lile lilivyokuwa. Lilikuwa baridi sana, na sikutaka liondoke. Akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha chupa. Nikampa chai. Akanywa, nikanywa."

"Mliongea lugha gani?"

Alifikiri. "Sikumbuki kusikia sauti."

Nilimwomba simu yake, akaiweka kizingitini. Picha za siku ile zilikuwemo: saa, watakatifu, ngome, mto. Ya mwisho ilikuwa ya benchi, imepigwa na mtu aliyesimama. Kwenye benchi kulikuwa na kifuniko cha chupa ya chai. Upande mmoja wa benchi ulikuwa mkavu. Upande wa pili ulikuwa umelowa, na maji yalikuwa yametiririka mpaka kwenye changarawe. Hakukuwa na mtu.

Nilirudisha simu kizingitini. Nikamulika kikombe cha bluu. Hyasinta alikuwa amekijaza mpaka ukingoni, nilimwona.

Kilikuwa nusu.

Hakuna aliyekuwa amekigusa.

"Remi," Hyasinta alinong'ona. "Anamuulizia Sifa."

Nilimulika tena kigoda kitupu.

"Anauliza kama analala peke yake."

Niliondoka pale kwa kurudi nyuma. Mama alikuwa bado jikoni, anapepeta maharage kwenye ungo. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama ninavyoandika habari. Hakusimamisha mikono.

"Maji ninayompelekea yanaisha mara mbili ya mtu mmoja," alisema. "Nikadhani anaoga kwa huzuni."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua ndoo. Sikujua mtu."

"Yule ni nini, mama?"

"Aliye metimani hali na mtu, isipokuwa na mwenzake aliye metimani. Huyo naye alifiwa. Labda aliingia majini na mtoto wake kabla hajatolewa. Huko kwao nani angemnyoa?" Alipuliza makapi. "Amekaa hivyo miaka na miaka, wanavuka juu yake na kamera zao. Siku moja akaja mtu anayeruhusiwa kunywa naye chai. Ungekuwa wewe ungebaki?"

"Umwite padre."

"Padre nilishamwita aje kubariki nyumba. Atakuja Jumatatu, ana kipaimara Mang'ola. Jumamosi haimsubiri."

"Basi mtoe dada peke yake. Yule abaki."

Mama aliweka ungo chini. "Abaki wapi? Kibanda ni changu. Zizi ni langu. Anayebaki metimani bila mwenzake atatafuta mwingine, na katika nyumba hii aliyefiwa ni nani tena? Mimi nimezika mume. Wewe umezika baba."

Nilirudi mjini. Sifa alikuwa ameshalala. Niliketi kitandani kwake mpaka kukapambazuka, kisha nikaenda kazini.

Jumamosi nilifika Kansay na madumu ya maji. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Ukungu uliokuwa umefunika misitu ya Ngorongoro juu kule ulikuwa umeanza kupanda, jua likatoka. Hyasinta alikaa nje ya kibanda, kwenye kigoda chake. Cha pili alikuwa amekitoa mwenyewe na kukiweka karibu. Udongo chini yake ulikuwa mweusi kwa maji.

Mama alimnyoa polepole. Nywele zilianguka kwenye ungo. Alipomaliza alisuuza wembe, akasimama kati ya vigoda viwili.

"Nitoe wangapi?"

Hyasinta alitazama kigoda cha pili kwa muda mrefu.

"Mama," nilisema. "Mtoe mmoja. Kesho Sifa anakuja."

"Sikukuuliza wewe."

"Wawili," Hyasinta alisema.

"Una hakika? Nikishamtoa, simrudishi."

"Amenigusa wakati hakuna aliyenigusa. Siwezi kumwacha nyuma ya zizi."

Mama alipiga ishara ya msalaba. Kisha akainamia kigoda kitupu, akaweka mkono wa kushoto hewani kama anayeshika kichwa cha mtu aliyekaa, na kwa mkono wa kulia akapitisha wembe.

Mara ya kwanza sikusikia kitu.

Mara ya pili...

Kwaruu.

Sauti ya wembe juu ya ngozi. Niliisikia. Mama aliisikia pia, kwa maana mkono wake ulisita, kisha ukaendelea mpaka mwisho. Kwenye ungo sikuona nywele nyingine zaidi ya za dada yangu. Naandika nilichokiona.

Alimwagia Hyasinta maji. Akamwagia na kigoda. Akavunja kikombe cha zamani kwa nyundo, na cha bluu, kwa kuwa ni bati, akakitoboa kwa msumari na kukizika. Moto wa kibandani ulizimwa, ukawashwa mwingine uani.

Kufikia mchana udongo ulikuwa umekauka. Niliingia kibandani na kukagua. Nilipapasa sakafu kwa viganja. Nilinusa. Kulikuwa na harufu ya moshi na ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wametawanyika zizini kote. Hyasinta alikula ugali sahani mbili, akaniomba nimletee Sifa mapema, kabla ya misa ya pili.

Nilimuuliza kama yule mwanamke ameondoka.

"Ametolewa," alisema.

Jumapili, tarehe 24 Novemba, nilimpakia Sifa kwenye pikipiki na gauni lake la sikukuu. Njia nzima aliimba. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi la uani, kichwa kinang'aa, mikono imefunguka. Sifa alimkimbilia. Wakakumbatiana muda mrefu, na mimi nikageuka kutazama zizi, maana nilihisi machozi.

Nilipogeuka tena, Sifa alikuwa amesimama wima mbele ya benchi. Uso wake haukuelekea kwa mama yake. Ulielekea mahali pa wazi, mkono wa kulia wa Hyasinta.

"Shikamoo," alisema, na kuinamisha kichwa.

Alisubiri kidogo, kama watoto wanavyosubiri kuitikiwa. Kisha akatabasamu.

"Unamwamkia nani, Sifa?" nilimuuliza.

Alinitazama kwa mshangao. "Mjomba, na wewe hujaamkia."

Hyasinta alitazama chini. Mama aliingia jikoni, akarudi na trei ya chai. Tulikuwa wanne. Kwenye trei kulikuwa na vikombe vitano. Aliviweka kimoja kimoja, na cha mwisho akakiweka mahali pale pa wazi, akarudi kukaa.

Sifa alipanda kwenye benchi. Hakukaa mapajani kwa mama yake. Alikaa ubavuni kwake, upande wa kulia, kati yake na mahali pale pa wazi, akanywa chai yake yote. Safari ilikuwa imemchosha. Alipiga miayo, akajilaza upande usio na mama yake, akafumba macho.

Nilikuwa nimekaa mbele yao. Nilimtazama mpaka akapitiwa na usingizi kabisa, akipumua taratibu, nywele zake pembeni zikianza kulowa.

Kichwa chake hakikugusa benchi.