Yai Lenye Doa

Mama muuza mkaa wa nyumba ya pili alidai kwamba, alipoinama kuokota ndala yake karibu na banda, alisikia kifaranga akilia ndani ya yai. Tena yai lenyewe alilitambua, lile lenye doa. Kuku alikuwa na wiki moja tu tangu aanze kuatamia, lakini mama huyo alishaahidiwa kifaranga, na masikio yake yalikuwa yameitangulia siku ya kuangua.

Aliyemwamini upesi ni Chiriku, binti aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo. Shangazi yake alikuwa amemwambia, "Vifaranga wakianguliwa, ni wako. Lakini mayai utayapima mwenyewe. Yai viza likibaki litapasuka, liharibu na mazima."

Jioni, baada ya kuosha vyombo na kufagia ua, Chiriku alisubiri kuku atoke kula, akajifungia stoo na mayai na tochi. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myembamba kama mizizi. Yai tupu hung'aa manjano tu. Chiriku akaiona mishipa katika kila yai. Kwa mengine ilimbidi akodoe macho, ageuze na kugeuza tena, mpaka mishipa ikakubali kutokea. Akatoka mbio kutangaza kwamba hakuna la kutupa.

Shangazi hakubisha. Alilichukua kapu la mayai, akapita nalo jikoni, kisha akarudi stoo na kumwomba ayapime tena mbele yake. Chiriku akamulika huku akitaja: huyu mzima, huyu anacheza, huyu atakuwa jogoo. Yai moja akalisifu kuliko yote, eti mishipa yake imejaa tele.

"Hilo limetagwa leo asubuhi na kuku mwingine," shangazi akasema. "Nilikuwa nalipeleka kikaangoni."

Chiriku akanong'ona, jambo ambalo si la kila siku. "Sikudanganyi, shangazi. Nimeiona."

"Najua. Ukipenda, chongo huita kengeza. Tochi umeishika wewe, lakini aliyetazama ni hamu yako. Kabla hujamulika, jiulize unataka kuona nini, halafu hicho ndicho ukichunguze kwa ukali zaidi."

Chiriku akaanza upya, safari hii polepole, bila kumpa yeyote ujogoo. Machache yaling'aa manjano matupu. Akayatenga, ingawa moyo ulimuuma, na mazima yakarudi kwa mama yao. Lililobaki mkononi bila kupimwa lilikuwa lile lenye doa.

Hapo mama muuza mkaa akachungulia mlangoni, vidole vyeusi, uso umekunjuka.

"Hilo hilo ndilo langu," akasema. "Hebu lisikilize, mwanangu, uniambie kama na wewe unamsikia."

Chiriku alimtazama, kisha akalitazama yai. Akamvutia ndani taratibu, akausukuma mlango mpaka giza likatanda, akawasha tochi.