Kwaheri Yenye Kuitikiwa

Mwaka ule Wajapani walipochimba kisima Ushirombo, watu walijazana pale kama siku ya mnada. Maji yalipofumuka, yalimwangukia kwanza Coletha, fundi cherehani, na gauni lake jipya la maua mekundu.

"Samahani sana, shangazi!" Mihayo, fundi wa mtambo kutoka Shinyanga, alikuja mbio, suruali yake ya bugaluu ikifagia matope.

"Shangazi yako nani?"

"Basi dada."

"Sina kaka mwenye grisi hivyo."

"Nikuiteje, basi?"

"Lete kwanza hiyo suruali niipunguze. Jina utalipata baadaye."

Akaileta. Wiki iliyofuata akaleta nyingine, imechanika gotini.

"Hii umeichana mwenyewe, Mihayo."

"Nifanyeje, mpenzi? Zilizochanika zimeniishia."

Wakapendana hivyo, kwa sindano na vicheko. Kisha Mihayo akachaguliwa kwenda Japani mwaka mzima kusomea uchimbaji. Coletha alizisikia habari hizo kwa Valerian, dereva wa basi. Uchungu ulioje! Mihayo akapiga simu misheni kutoka Shinyanga.

"Kipenzi, nilikuwa natafuta namna ya kukuaga."

"Umeanza kumuaga Valerian. Basi nenda." Akakata.

Asubuhi ya safari, Mihayo akiwa amerudi Ushirombo kuchukua mizigo yake, Coletha alikwenda stendi na gauni lile la maua. Alijiambia anafuata tu nyuzi zake zilizoletwa na basi.

Mihayo akamsogelea. "Nilimuuliza Bwana Morita, yule mkuu wa Wajapani wa kisima, gudbai kwa Kijapani ni nini. Naye akaniuliza, unamuaga nani? Nikasema, Coletha. Akasema basi usimwambie sayonara, hiyo ni ya watu wanaotengana. Kwao mtu akitoka nyumbani kwake husema itte kimasu, naenda nitarudi. Anayebaki huitikia itte rasshai, nenda urudi."

Maneno hayo yalimpendeza Coletha. Watu gani hao, aliwaza, wasiokuacha utoke mlangoni bila kukudai urudi!

Mihayo akavua kofia, akabana miguu kama Bwana Morita, akainama. "Itte kimasu."

Coletha akatazama nyuzi.

Valerian akapiga honi. "Fundi, panda!"

"Sijaitikiwa."

Bibi mmoja mwenye kuku akatoa kichwa dirishani. "Binti, kijana kasema nini?"

"Ameaga tu, bibi."

"Sasa si umwitikie! Mtu akupe shikamoo, unyamaze?"

"Mwitikie!" basi zima likadakia.

"Hili si la kuitikia ovyo, bibi," Coletha alisema. "Ni la mtu anayetoka kwake. Huyu kwake ni wapi? Hata mshenga hajaleta!"

Mihayo akageukia madirisha.

"Leo nikifika Shinyanga, kabla ya yote, baba yangu Mzee Nkwabi atamtuma mshenga kwa Mzee Silvesta, baba wa huyu. Mmenisikia?"

"Tumesikia!"

Coletha akamsogelea, akaona uzi umening'inia kwenye kola yake, akaukata kwa meno. Midomo ikiwa bado karibu na shingo yake, akasema, "Itte rasshai."

"Wabeja, mama," Mihayo akanong'ona shukrani ya Kisukuma, akapanda.

Mshenga alikuja Jumapili ile ile.

Mwaka uliofuata Coletha alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani, kivuli kilipoangukia kitambaa.

"Nimerudi."

Hakuinua uso kwanza. Machozi yalikuwa yamemtangulia.

"Karibu nyumbani. Haya, leo imechanika wapi?"