Mkono Mtupu

Alama ya kwanza sista aliiona upande wa kulia wa tumbo la mzee, palepale alipokusudia kudunga. Ilikuwa na umbo la kiganja, imepauka kidogo, na baridi yake ilipenya glavu zote mbili.

"Umelalia nini, baba?"

"Sijalalia kitu. Choma tu, mwanangu. Tumbo lenyewe limeshakuwa chujio."

Wakacheka. Dawa ile ya saratani, ya kudungwa chini ya ngozi, hairudiwi mahali pamoja: leo kulia, safari nyingine kushoto, kisha mapajani. Sista akahamia kushoto, akaibana ngozi kwa vidole, akadunga polepole, akamwonya asipasugue.

Mzee aliporudi, baridi ilikuwa imeshashika na kushoto. Halafu paja moja. Penye alama ngozi iliganda, sindano ikagoma. Dawa ikikosa pa kuingilia mzee angekufa, na sista alilijua hilo kuliko alivyopenda kulijua.

"Baba, nani anakushika?" akanong'ona.

Mzee alikuwa fundi saa mstaafu, mjane, hana wa kumtembelea. Akalitazama pazia.

"Usipige kelele. Anakuja nikijiona niko peke yangu, inatangulia harufu ya mshumaa uliozimwa. Najua si mtu. Lakini ananishika kwa mkono mtupu. Nyinyi wote mnanigusa kwa mpira."

"Atakuua, baba."

"Basi nani atanishika?"

Ulikuwa mchana kweupe, wahudumu wakisukuma vitanda nje na kutaniana, ilhali ndani ya pazia harufu ile ilishaanza kupanda, na shuka iliyofunika paja la mwisho ikawa inabonyea taratibu, kidole kimoja, kisha kingine, mpaka kiganja kizima kikaonekana pasipo na mtu, naye sista, akijua kwamba akikimbia paja litaganda na mzee atakwenda nalo, akavua glavu, akaushika mkono wa mzee, akaubana, akazidi kuubana huku meno yakimgongana.

"Nipo, baba. Mimi nipo."

Mzee akalia kama mtoto. Shuka ikainuka. Sista alipolipapasa paja, lilikuwa na joto.

Akanawa, akavaa glavu mpya, akadunga. Dawa ikaingia yote.

Jioni akafungua mlango wa nyumba yake. Tangu mumewe afariki hapakuwa na wa kumpokea, na simu yake ilipigwa na watu wa kazini tu. Akaweka mkoba, akakaa mezani bila kuwasha taa. Mle ndani hakukuwa na mshumaa hata mmoja, lakini harufu ya mshumaa uliozimwa ilikuwa imejaa.

Vidole vya baridi vikajipenyeza katikati ya vidole vyake. Sista aliogopa, tena aliogopa sana.

Lakini mkono hakuutoa.