Mtungi wa Wapagazi

Glasi zilirudi jikoni kavu. Si tupu tu, kavu. Hamkuwa na povu wala tone, ila vumbi jekundu lililotulia chini. Tunu alizisuuza huku akimlaani moyoni mhudumu aliyeziacha nje penye upepo, kisha akakumbuka kwamba mhudumu mwenyewe, Julieth, alikuwa amezitoa mezani sasa hivi, mbele ya macho yake.

Baa ilikuwa ya mdogo wa Tunu, Adinani. Nyumba ilikuwa ya marehemu bibi yao, pale pale Tabora, kando ya njia ambayo zamani misafara ilipita ikitoka Ujiji na pembe za ndovu. Babu wa bibi huyo aliwahi kuwafungia mlango wapagazi wagonjwa, wakafa kwa kiu nje ya ukuta, mizigo ikiwa kando yao. Tangu hapo wanawake wa nyumba ile waliweka mtungi wa maji nje ya mlango, na kata juu yake, anywe yeyote apitaye, na hawakuuacha ukauke.

Bibi alipofariki, Adinani alirudi kutoka Dar na majokofu, spika na viti vya plastiki. Mji mzima ukawa unakuja kula mbuzi choma na kunywa. Maji yakawa ya chupa tu, na asiyenunua alifukuzwa. Na ule mtungi? Akaugeuza wa kutupia vipisi vya sigara! Tunu, aliyemlea Adinani tangu mama yao afe, ndiye aliyewapikia wateja, na kila alipoupita mtungi ule uliojaa majivu alihisi ametemewa mate usoni.

Baada ya glasi zikaja sauti. Adhuhuri moja, jua likiwa utosini na baa haina mtu, alisikia mizigo ikitua chini nje ya ukuta, puu, puu, kisha pumzi za watu waliochoka. Akatoka mbio. Palikuwa na barabara na jua tu, ila harufu ya jasho na ngozi mbichi ilikuwa imejaa mlangoni.

Jioni wateja wakaanza kunywa vibaya. Damas, fundi cherehani wa Ipuli, ambaye kwa kawaida bia mbili humtosha, alikunywa mpaka meza ikajaa chupa, na hakulewa. Midomo ilimpasuka.

"Dada Tunu," alinong'ona, akimshika mkono, "kiu haiishi. Ni kama namwaga mchangani. Halafu kuna mtu anapumua nyuma yangu. Usimwangalie."

Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Kesho yake Tunu alimfuata Adinani kaunta. "Funga baa. Kuna kitu humu."

"Kuna wateja humu," Adinani alicheka. "Watu wanakunywa kuliko siku zote, dada, wewe unalia nini?"

"Damas kalazwa, ulimi umemkauka kama kipande cha ngozi!"

"Mimi pombe sinywi. Hayanihusu."

Tunu alitamani kumzaba kofi. Kumbe kiu ya watu ndiyo furaha yake! Kweli sikio la kufa halisikii dawa.

Akampigia simu Bi Ng'washi, mganga wa Nzega. Mama huyo alifika na mkoba tu, akasimama mlangoni, akautazama mtungi, akafyonza.

"Shikamoo, mama," Tunu alisema.

"Marahaba. Nani kawatilia wageni majivu?"

"Wafukuze, mama, nakuomba."

"Niwafukuze waende wapi? Walishafukuzwa hapa, ndiyo maana hawajaondoka. Ubani hautawatoa. Aliyewanyang'anya maji awape mwenyewe, kwa mkono wake, leo kabla jua halijazama. Asipotaka, watamfanya mwenzao."

Tunu aliusugua mtungi mpaka kucha zikamuuma, akaujaza maji ya kisima, akamwita ndugu yake. Adinani alikuja, wateja wakigeuza viti ili watazame.

"Niwanyweshe majini, mimi, mbele ya wateja wangu?" Akaupiga mtungi teke. Ukapasuka. Maji yote yalimwagika mlangoni, na ardhi haikulowa.

Adhana ya magharibi ilipoanza, muziki ulikatika wenyewe, na mizigo ikasikika ikitua, safari hii ndani, katikati ya meza, puu, puu, watu wakapindua viti wakikimbilia barabarani, na Adinani akajishika koo, akafungua chupa ya maji, akaimaliza, akafungua nyingine, akajimiminia mdomoni na usoni bila tone kudondoka kidevuni, na Tunu aliyemshika mkono akasikia ngozi yake ikiwa ya moto kama kikaango, kisha akahisi mkono mwingine, mkavu, umeushika mkono ule ule kutoka upande wa pili na kuuvuta, naye akavuta, akaporomosha matusi yote aliyoyajua, mwachieni, washenzi nyie, ni wangu huyu, mpaka taa zikazimika.

Ziliporudi, alikuwa ameshika shati tupu.

Watu wa Ipuli walimwona Adinani akipita kifua wazi, kreti la bia kichwani, akienda polepole na kuacha nafasi mbele na nyuma kama aliye kwenye mstari. Walimwita, hakugeuka. Alitafutwa hadi kwenye misitu ya Sikonge, hakupatikana.

Tunu aliifunga baa, akanunua mtungi mpya. Kila asubuhi aliukuta mkavu, na kila asubuhi aliujaza.

Adhuhuri moja mizigo ilitua tena nje, puu, puu, na wa mwisho ukalia mlio wa chupa zikigongana.

"Dada," sauti iliyokwaruza iliita. "Maji."

Hasira ilimpanda. Akachota kwa kata, akainyoosha nje ya mlango bila kutazama. Vidole vikavu viligusa vyake.

"Kunywa," alisema, machozi yakimtoka. "Kunywa, mpumbavu mkubwa wewe."

Kata ilirudi kavu. Akachota tena.